UZI: Ukiambiwa dawa ya hepatitisi B "imeponya panya", uliza kwanza ni panya gani

Ochi_Kondele

Wadau habari za jioni. Kuna hii klipu ya sauti inazunguka kwa magrupu ya WhatsApp hapa Kisumu, jamaa anauza dawa ya miti kwa chupa za soda, anasema inamaliza hepatitisi B, ile homa ya ini ya virusi, kabisa kabisa kwa miezi mitatu na eti "imepimwa maabara kwa panya na panya wote wakapona". Watu wameniuliza kama ni ukweli juu nilisomea mambo ya virusi na nimefanya kazi kwa nyumba ya wanyama wa maabara, sasa badala ya kujibu mmoja mmoja inboksi acha niweke hapa. Ni ndefu, chukua chai.

Kwanza kabisa. Panya wa kawaida hashiki hepatitisi B. Hashiki! Mdunge damu imejaa virusi, kesho yuko pale anatafuna chakula chake na hana habari. Hepatitisi C pia hashiki. Kwa hivyo mtu akikuambia panya wake walikuwa wagonjwa wa B wakapona, mimi ningetaka kujua kwanza huo ugonjwa waliupata wapi.

Na hii si kitu kidogo, hii ndio imechelewesha utafiti wa dawa za B miaka na miaka. Virusi vyenyewe vilianza kujulikana miaka ya 60, Baruch Blumberg akapewa Nobel 1976, chanjo ikatoka, lakini vile virusi vinaingia kwa seli ya ini ilikuja kujulikana 2012 tu, fikiria hapo. Timu ya Wenhui Li kule Beijing ndio ilipata kipokezi, protini moja inaitwa NTCP ambayo kazi yake ya siku zote ni kuvuta chumvi za nyongo kutoka kwa damu kuzirudisha ndani ya ini. Virusi vinajishikiza hapo vinaingia. Na hawakuipata kwa panya wala nyani, waliipata kwa kanyama ka Asia kanaitwa tupaia, kadogo kana mkia mrefu, juu seli zake za ini ni kati ya zile chache nje ya binadamu na sokwe zinazokubali virusi vya B.

Panya ana NTCP yake lakini kuna vipande vidogo vya hiyo protini vimetofautiana na yetu, virusi havishiki. Basi watu wakasema sawa, tumemaliza, tumpe panya NTCP ya binadamu. Wakampa. Virusi vya hepatitisi D, ambavyo vinavaa ganda la B, vikaingia vikazaana kidogo, kwa muda mfupi. Vya B vikaingia vikakwama! Ndani ya seli ya panya haviwezi kutengeneza ile DNA ya duara inayojificha kwenye kiini cha seli, na hiyo ndio mzizi wa hepatitisi B, hiyo ndio sababu mtu anameza dawa ya tenofovir miaka kumi, virusi vinalala, akiacha vinaamka.

Naendelea, ngoja nipike ugali kwanza.

Kamash_Section58

Manze hii ndio uzi nilikuwa naitafuta. Mimi nilipatikana na B nikienda mediko ya kazi ya Gulf, wakanipiga anfiti, hakuna mtu alinieleza kitu, karatasi tu na "next". Kliniki yenyewe siitaji. Tangu hiyo siku nimeuziwa mizizi, nimeuziwa unga wa kijani, nimeuziwa maji. Endelea omera niko hapa.

Mwalimu_Mumias

Nafuatilia. Lakini mwenye uzi, si niliwahi kusoma mahali kwamba kuna panya wenye virusi vya hepatitisi B wanaozaliwa navyo? Sasa unasemaje hawashiki?

Ochi_Kondele

Mwalimu umeuliza vizuri, nilikuwa nafika hapo.

Ndio wapo. Kuna panya waliowekewa jeni za virusi vya B kwenye kromosomu zao wenyewe, Francis Chisari na watu wake kule California walifanya hiyo kazi tangu miaka ya 80. Kila seli ya ini la huyo panya inatema virusi kutoka siku anazaliwa mpaka siku anakufa. Lakini huyo hajaambukizwa. Amerithi. Kinga yake inaona hivyo virusi ni vya nyumbani, haivigusi, na huwezi "kumponya" kwa sababu utatoaje jeni iliyo kwa kila seli ya mwili? Panya hao walisaidia sana kuelewa vile kinga inapigana na virusi, hilo silipingi, wakidungwa seli za kinga kutoka kwa panya mwingine ndio ini linavimba na tunaona homa ya ini inatokeaje. Ila dawa ya kung'oa B huwezi kuipima hapo.

Wa pili ni wa kudungwa kwa mkia. Hii niliishuhudia na macho yangu na bado inanishangaza. Unachukua DNA ya virusi unaichanganya na maji ya chumvi mengi, karibu asilimia 8 mpaka 10 ya uzito wa panya mwenyewe, halafu unamsukumia kwa mshipa wa mkia kwa sekunde chache tu. Moyo unalemewa, damu inarudi nyuma kwenye ini, seli za ini zinameza hiyo DNA kwa nguvu ya presha. Panya analala ubavu anahema, unafikiri amekufa, baada ya dakika kadhaa anainuka anajipangusa masharubu. Baada ya hapo ini lake linatoa virusi vya B. Sasa angalia mtego wake: panya mwenye kinga nzima mara nyingi anaondoa hizo seli mwenyewe wiki chache baadaye. Yaani hata ukimpa maji ya mfereji atapona!! Kama hukuweka panya wengine wa kulinganisha ambao hawakupewa dawa, utaruka juu useme umepata tiba.

Nyar_Nyalenda

Ati maji ya mfereji 😂😂 Hapo umewamaliza wale wa chupa.

Kamash_Section58

Na wale wenye ini la mtu? Nilisikia kuna panya ana ini la mtu. Hiyo nilidhani ni stori za YouTube.

Ochi_Kondele

Si stori, wapo, na hiyo ndio sehemu naipenda kuliko zote kwa sababu ilianza kwa kitu ambacho hakina uhusiano na virusi hata kidogo.

1990 kuna watu Marekani walitengeneza panya ambaye ini lake linatoa kwa wingi kimeng'enya kinaitwa uPA, kinachoyeyusha damu iliyoganda. Walitaka kuchunguza watoto wachanga wanaovuja damu. Vitoto vingi vya panya vilikufa vikivuja damu, kama walivyotarajia. Lakini vingine vikaishi, na damu ikaanza kuganda kawaida, na hakuna aliyejua ni kwa nini. Walipofungua wakakuta ini lote ni jeupe jeupe, limechoka, lakini ndani yake kuna vinundu vyekundu vyenye afya. Kumbe seli chache zilikuwa zimeipoteza ile jeni yenyewe, na kwa sababu zile zingine zote zinakufa polepole, hizi chache zikazaana mpaka zikajaza ini zima. Iliandikwa 1991.

Sasa mtu mwenye akili akiona hivyo anajiuliza, kama seli chache nzima zinaweza kujaza ini zima, je nikiingiza seli za mnyama mwingine? Wakajaribu za panya mwingine 1994, zikajaza. Wakajaribu za panya wa aina nyingine, wale wakubwa wa maabara (rat), zikajaza. Halafu za binadamu.

Ni vile mtu wa Siaya anaachana na mahindi yaliyoliwa na kayongo, lile gugu la striga, anapanda kitu kingine pale pale: unaua kilichoko, unaacha nafasi, uliyempanda anashika shamba. Lakini lazima kinga ya panya iwe imezimwa, la sivyo itazikataa seli za mtu siku hiyo hiyo. Hapo ndio wanatumia wale wa SCID, panya ambao Melvin Bosma aliwagundua Philadelphia 1983, hawana seli za T wala B za kinga. Changanya SCID na uPA, mdunge seli za ini la binadamu akiwa bado mtoto wa wiki moja au mbili, na 2001 watu wa Edmonton kule Kanada wakaonyesha huyo panya anashika hepatitisi C, virusi vinazaana ndani yake wiki nyingi. Mwaka huo huo ikaonyeshwa pia kwa B. Kwa mara ya kwanza panya anashika virusi vyenyewe, kutoka kwa damu ya mgonjwa, kwa njia ile ile vinavyomwingia mtu, na ile DNA ya duara inatengenezwa sababu seli ni za mtu.

Lakini hawa wa uPA ni shida tupu. Wanavuja damu ukiwagusa vibaya, hawazai vizuri, una siku chache tu za kuwadunga wakiwa wachanga. Na seli za mtu zikijaa sana zinatengeneza protini za kinga za binadamu ambazo zinashambulia figo za panya. Unafaulu halafu unampoteza kwa sababu umefaulu.

2007 ndio wakaja FRG, kutoka Oregon. Hawa wamenyimwa kimeng'enya kinaitwa FAH ambacho kinamalizia kuvunjavunja tairosini, hiyo ni sehemu ya protini unayokula kila siku. Bila FAH sumu inajaa kwa seli za ini zinakufa. Kuna watoto wa watu wanazaliwa na ugonjwa huo huo, na dawa yao ni nitisinoni, dawa iliyotoka kwa utafiti wa kuua magugu, si maajabu. Ukimpa panya nitisinoni kwa maji ya kunywa, ini lake linakaa salama. Ukiitoa, linaanza kufa. Kwa hivyo wewe ndio una swichi mkononi, unaweza kumdunga akiwa mkubwa, wakati unaotaka.

Kazi yenyewe sasa. Seli za binadamu zinatoka kwa maini yaliyotolewa kama msaada lakini yakakosa kufaa kupandikizwa kwa mgonjwa, au vipande vilivyobaki kwa upasuaji. Zinakuja zimegandishwa kwa naitrojeni, ukiziyeyusha vibaya nusu zinakufa mbele yako. Unamlaza panya kwa dawa ya usingizi, unachana kidogo ubavuni kushoto, unaivuta wengu nje, kitu chekundu chembamba kinatoshea juu ya ukucha wa kidole gumba, unasukuma seli kama nusu milioni mpaka milioni moja hivi, polepole, zinafuata mshipa zinaenda kwenye ini zenyewe. Unashona. Halafu unaondoa nitisinoni kwa chupa ya maji na kila asubuhi unampima uzito. Panya wa gramu 22 akishuka sana, unamrudishia dawa apumzike, akipanda tena unaiondoa. Unaenda hivyo miezi miwili mitatu. Unajuaje imeshika? Unamtoa tone la damu unapima albumini ya binadamu. Panya hana albumini ya binadamu, kwa hivyo ile yote unayoona imetoka kwa seli ulizopanda. Wale waliofaulu sana ini lao linakuwa la mtu zaidi ya asilimia 90.

Na kuna wale ambao unawafuata miezi yote hiyo halafu albumini ni sufuri. Hiyo siku hata chai haishuki.

Sista_wa_Wodi

Mimi ni nesi, sitasema wapi. Asante kwa hii, tunaulizwa maswali haya kila siku na hatuna muda wa kueleza. Swali langu, kwa nini wasingeendelea na sokwe tu? Si nilifundishwa chanjo ya B ilipimwa kwa sokwe.

Ochi_Kondele

Ndio sista, sokwe anashika B na C vizuri kabisa, na kwa miaka mingi ndiye alikuwa peke yake. Hata kabla C haijapata jina, wakati inaitwa tu "si A wala B", damu za wagonjwa zilipimwa kwa sokwe, na virusi vyenyewe vikapatikana 1989. Kulikuwa hata na kituo cha sokwe kule Liberia cha utafiti wa homa ya ini. Lakini sokwe ni ghali mno, ni wachache, anaishi miongo, na ukishamwambukiza utampeleka wapi? Wale wa Liberia waliishia kuwekwa kwa visiwa vya mtoni, wanategemea kuletewa chakula kwa boti. Marekani taasisi yao ya taifa ya afya ilifunga utafiti wa sokwe kabisa 2015. Binafsi naona walichelewa.

Kuna wengine wanatumia kuchakulo wa Marekani ambaye ana virusi vyake vinavyofanana na B, na bata pia ana vyake. Wamesaidia. Lakini virusi si vile vile.

Mwalimu_Mumias

Nimeelewa upandikizaji. Ila naona kama kazi nyingi kwa panya mmoja. Faida imeonekana wapi? Nataka mfano, si maneno.

Ochi_Kondele

Nakupa miwili mwalimu.

Wa kwanza unaumiza. 1993 kule Marekani kulikuwa na dawa ya B inaitwa fialuridini. Ilikuwa imepimwa kwa wanyama wa kawaida, ikaonekana salama. Wagonjwa 15 wakaipata. Wiki zikapita, virusi vinashuka, kila mtu anafurahi, halafu ghafla maini yakaanza kushindwa. Watu 7 wakaumia vibaya, 5 wakafariki, 2 wakaokolewa na kupandikizwa ini lingine. Baadaye sana ikajulikana kwamba kwa binadamu ile dawa inabebwa mpaka ndani ya mitokondria, zile injini za seli, na kibebaji hicho kwa panya hakifiki pale. Kwa hivyo panya wa kawaida hangeweza kuwaonya hata wangempima mwaka mzima. 2014 watu wa Stanford wakarudia, wakawapa fialuridini panya wenye ini la binadamu, na hao panya ini likashindwa vile vile ilivyokuwa kwa wale wagonjwa, wakati panya wasio na seli za mtu waliopewa dawa hiyo hiyo hawakuwa na shida. Miaka 21 baadaye. Kama huyo panya angekuwepo 1993, hiyo dawa ingeishia kwa kizimba.

Wa pili ni mzuri. Kuna dawa inaitwa bulevirtaidi, ni kipande kilichonakiliwa kutoka kwa ganda la virusi vya B vyenyewe, kinaenda kinajishikiza kwenye NTCP na kukaa pale, virusi vikija vinakuta pamekaliwa. Ilionyeshwa 2008 kwa panya wa uPA wenye seli za binadamu kwamba inazuia maambukizi, hata kabla NTCP haijajulikana kuwa ndio kipokezi. Ulaya wakaipitisha 2020 kwa hepatitisi D. Hiyo D ni virusi vilivyogunduliwa na Mario Rizzetto kule Italia 1977, haviwezi kuishi peke yavyo, vinavaa ganda la B. Ukiwa na B na D pamoja ini linaharibika haraka zaidi.

Jirani_wa_Kibuye

Wadau, mimi nimenunua hiyo chupa. Msinicheke, ni ya shemeji. Ndani kulikuwa na karatasi imepigwa kopi, nimesoma yote. Imeandikwa "panya walipewa kaboni tetrakloridi ili kuharibu ini kisha wakapewa dawa kwa siku 14 na viwango vya ALT vilishuka kwa kiasi kikubwa". Hiyo inamaanisha nini?

Ochi_Kondele

AAAH. Jirani asante sana, hiyo karatasi imejibu kila kitu, hata sikutarajia.

Kaboni tetrakloridi ni kemikali. Zamani ilikuwa inatumika kusafisha nguo bila maji (dry-cleaning) na kwa vizimamoto. Ini likijaribu kuivunja linajiumiza, seli zinapasuka, ALT inapanda. ALT ni kimeng'enya cha ndani ya seli ya ini, seli ikipasuka kinamwagika kwa damu, ndio maana daktari anakipima. Wengine wanatumia parasetamoli nyingi badala ya hiyo kemikali. Hiyo njia imetumika kwa mamia ya dawa za miti dunia nzima, si uongo, ni jaribio halali kabisa la kuuliza kama mmea fulani unakinga ini lisiumizwe na sumu.

Lakini virusi viko wapi hapo? Hakuna. Hakuna hata kimoja. Huyo panya alipewa sumu, sumu ikaisha, na ini likajirekebisha, na ini la panya linajirekebisha haraka sana lenyewe. Dawa labda ilisaidia kidogo, labda haikusaidia. Kwa hivyo muuzaji hadanganyi akisema panya walipona, anadanganya akisema walipona hepatitisi B. Si kitu kimoja hata kidogo, na pesa yake yote iko hapo katikati.

Na shemeji akipima ALT baada ya hiyo chupa akute imeshuka asifurahi bado. Kwa mtu mwenye B, ALT inapanda na kushuka yenyewe kutegemea kinga inafanya nini wiki hiyo. Kinachosema ukweli ni kiwango cha virusi kwa damu na ile HBsAg, protini ya ganda la virusi inayopimwa kwa damu.

Jirani_wa_Kibuye

Nimempigia muuzaji nikamuuliza hao panya walikuwa wameambukizwa vipi. Akasema "wewe ni daktari?" akakata simu. Sasa nimeblokiwa.

Kamash_Section58

😂😂😂 wueh. Lakini Ochi niulize kitu serious. Huyu panya wa FRG sasa, si wachukue tu wale wana ini la mtu wapime dawa ya kumaliza B wamalize? Nini inakwamisha?

Ochi_Kondele

Kamash hapo ndio penyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Virusi vya hepatitisi B haviui seli ya ini. Watu wengi hawajui hii. Vinaingia, vinazaana, seli inaendelea na maisha. Kinachoharibu ini ni kinga yako mwenyewe ikija kuua zile seli zilizoambukizwa. Uvimbe, macho ya njano, makovu, baadaye saratani, hayo yote ni vita vya kinga ambavyo haviishi. Ndio sababu mtoto mchanga akiambukizwa, karibu asilimia 90 wanabaki nayo maisha yote, kinga yake bado haijajua adui, lakini mtu mzima akiambukizwa zaidi ya asilimia 95 wanaifukuza wenyewe.

Sasa kumbuka tulifanya nini ili seli za mtu zikubaliwe kwa panya. Tulizima kinga! Kwa hivyo una panya mwenye ini la binadamu, virusi vinazaana mpaka basi, na panya hana shida yoyote, hakuna uvimbe wa maana, hakuna ugonjwa. Umepata maambukizi bila homa ya ini. Ukitaka kupima dawa inayozuia virusi kuingia, au kuzaana, huyo anakutosha. Ukitaka kupima chanjo ya matibabu, au dawa ya kuamsha kinga, na dawa nyingi zinazotafutwa sasa za kumaliza B zinategemea kinga imalizie kazi, huyo hana cha kukuambia.

Basi wakajaribu kumpa vyote viwili, ini la mtu na kinga ya mtu kwa panya mmoja. 2011 kulikuwa na panya hao wa kwanza kwa C, walipata uvimbe wa ini na hata makovu. Lakini lazima kinga na ini viwe vinatambuana, yaani vifanane aina ya HLA, zile alama za seli ambazo kinga inazisoma, la sivyo kinga inashambulia ini kwa sababu ni geni tu, si kwa sababu ya virusi, na wewe unaandika matokeo ya uongo bila kujua. Njia rahisi ni kutoa seli shina za damu na seli za ini kwa mtu mmoja, na kwa kawaida hiyo imemaanisha kijusi kilichotoka kwa mimba iliyokatizwa, hapo maadili na sheria zinaingia na kila nchi ina msimamo wake. Hata ukipita hapo, seli nyingine za kinga za binadamu hazikomai vizuri ndani ya panya, hazipati zile ishara za kemikali wanazozoea, inabidi uongeze jeni za ishara hizo pia. Panya anakuwa na jeni za kigeni juu ya jeni za kigeni.

Na tuseme ukweli, hata hilo "ini la binadamu" ni aina moja tu ya seli za ini. Mishipa ya damu ni ya panya, seli zinazotengeneza makovu ni za panya, mifereji ya nyongo ya panya. Mtu akikuambia ameona ugonjwa wa makovu wa binadamu kwa panya, uliza makovu yametengenezwa na nani.

Bei nayo wacha. Panya mmoja wa hawa ni bei ya ng'ombe wa maziwa wa gredi, na anaishi kwa chumba ambacho hewa inachujwa kwa sababu mafua madogo tu yanammaliza.

Nyar_Nyalenda

Swali la mtu wa Kisumu: hao panya wenye ini la mtu si wangesaidia na malaria? Malaria si inaanzia kwa ini?

Ochi_Kondele

Dada umenimaliza, ndio! Malaria yetu hii ya falsiparum ikitoka kwa mbu inapita kwa ini kwanza, karibu wiki nzima, na haikubali ini la panya. Tangu 2012 FRG wanatumika kwa hiyo kazi, mbu anamuuma panya mwenye ini la mtu na unaona vimelea vinakua. Sasa wanapima kingamwili na chanjo kwa njia hiyo kabla ya kuleta kwa watu. Kabla ya hapo ilibidi kuja kwa watu wenyewe, watu wazima kwanza ndio watoto, wale wa Siaya na Kombewa wanakumbuka majaribio ya RTS,S, ile chanjo ya malaria.

Mama_Njoro

Nimesoma yote mpaka mwisho nikiwa kwa laini ya maziwa. Mimi mambo ya panya nimeyaelewa nusu lakini nina shida yangu. Bwanangu juzi alienda kutoa damu hapa Nakuru, wakamwita baadaye wakamwambia ana B. Ananunua dawa za miti na ameanza kula kwa sahani yake peke yake. Watoto tuko nao watatu. Tufanye nini?

Sista_wa_Wodi

Mama, sahani mrudishieni. B haipiti kwa sahani, kijiko wala kukumbatiana. Inapita kwa damu, kwa tendo la ndoa, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Nyembe, mswaki, kifaa cha kunyoa, hivyo kila mtu awe na chake.

Yeye: arudi hospitali apimwe tena baada ya miezi sita kuona kama bado iko, na sasa hivi apimwe kiwango cha virusi, ALT, na hali ya ini. Si kila mtu mwenye B anaanzishiwa dawa. Akianzishiwa asiache mwenyewe hata akijisikia vizuri, ukiacha ghafla ini linaweza kulipuka. Dawa za miti aweke pembeni, ini hilo lina kazi ya kutosha. Apimwe HIV pia, maana dawa zingine za B ndizo zile zile za HIV.

Wewe: kapimwe HBsAg na kinga. Kama huna virusi na huna kinga, unachanjwa, dozi tatu.

Mama_Njoro

Na watoto? Nina kadi za kliniki za hawa wawili.

Sista_wa_Wodi

Angalia kama wamedungwa ile pentavalenti wiki ya 6, 10 na 14. Ndani yake kuna ya B, Kenya imekuwa ikiitoa tangu 2001. Kama zimejazwa zote wako sawa, lakini kwa sababu baba anayo mnaweza kuwapima pia kwa uhakika. Huyo wa tatu kadi imepotea ama?

Mama_Njoro

Haikupotea, huyo ni kifungua mimba, ni mtu mzima, alizaliwa 1998. Yuko Kaptembwo na mke wake ana mimba ya miezi saba.

Sista_wa_Wodi

Mama anzeni na huyo kijana na mke wake, yeye alizaliwa kabla hiyo chanjo haijaanza. Kesho asubuhi, yeye na huyo mke wake, na mke aende na kitabu cha kliniki aombe HBsAg kama hawakuiandika. Akipatikana nayo kuna dawa anapewa miezi hii ya mwisho kabla ya kuzaa ili mtoto asiipate, na mtoto anachanjwa ndani ya saa 24 akizaliwa. Muda bado upo. Niandikie inboksi nikuelekeze uulizie wapi.

Mama_Njoro

Nimekutumia.